Naombeni ushauri: nimepata kitabu cha kwanza kuhakiki jaridani, nimekwama

Mwandamo:
Habari wakuu. Nimekuwa nikiandika mapitio ya vitabu kwenye blogu yangu miaka miwili sasa, wasomaji wa kuhesabu. Juzi nikajitosa, nikawaandikia wahariri wa majarida manne ya fasihi. Watatu kimya. Wa nne akajibu: nimpelekee maneno 900 ndani ya wiki tatu, kuhusu riwaya ya mwandishi chipukizi ambayo bado haijatoka. Furaha yote imeyeyuka. Rasimu nne nimefuta. Aya ya kwanza inaanzaje? Na nikitaja kasoro, si nitajifungia milango mapema? Silali.

Kopekope:
Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi.

BiNukta:
Hongera kwanza, wengine tuliandika barua mpaka tukachoka. Usianze na maisha ya mwandishi, wala usitusimulie hadithi nzima. Anza na kitu ulichokiona humo ndani: sentensi, tukio, namna msimulizi anavyokwepa jambo fulani. Ukisema lugha yake ni "nyepesi na ya kuvutia" hujasema kitu. Nukuu mistari miwili, msomaji ajionee. Na kwa kuwa kitabu hakijatoka, uliyo nayo ni nakala ya awali, haijapita usahihishaji wa mwisho. Kila nukuu ihakikishe kwa mchapishaji. Niliwahi kumsuta mtu kwa kosa la chapa ambalo kwenye kitabu chenyewe halikuwepo. Mpaka leo nikikumbuka nauma kucha.
Kasoro zitaje, ila kipime kitabu kwa lile kilichojaribu kulifanya.

Mzee_wa_Pambizo:
Kasoro! Mimi nilihakiki diwani moja, nikasema vina vimelazimishwa kama nati kwenye bolti isiyo yake. Miezi minane baadaye naingia kwenye lifti, nani yumo? Ghorofa ya 11 tunakwenda. Hakusema neno. Alikuwa anahesabu mizani kwa vidole huku ananitazama. Tangu siku hiyo napanda ngazi.

Kopekope:
Hahaha mzee, si ndiyo mazoezi hayo.

Mlinzi_wa_Rafu:
Vijana mnataka kuhakiki kabla hamjasoma. Mleta mada, mwaka huu umemaliza vitabu vingapi? Siku hizi kila mtu anatafuta jina lichapwe, kusoma hakuna.

Chunguchungu:
Swali dogo. Kitabu alikichagua mhariri au ulikipendekeza wewe?

Mwandamo:
Nilipendekeza mimi. Ndivyo wageni tunavyofanya, unapeleka pendekezo lenye kitabu mahususi.

Chunguchungu:
Sawa. Na hakijatoka, ulijuaje kama kipo?

Mwandamo:
Mwandishi tunafahamiana kidogo. Hilo halina uzito, naomba turudi kwenye aya ya kwanza.

BiNukta:
Kidogo kiasi gani, mdogo wangu?

Mwandamo:
Haya basi. Mwaka jana niliusoma mswada wake. Nikamrekebishia sura mbili, ya tatu na ya saba, akanilipa. Jina langu lipo kwenye ukurasa wa shukrani. Lakini tuseme kweli: nani anakijua kitabu hiki kuliko mimi? Hawa waandishi na wahakiki wote wanajuana. Walt Whitman, yule mshairi wa Marekani, mwaka 1855 alihakiki mashairi yake mwenyewe bila kuweka jina, na leo anaheshimika.

Mzee_wa_Pambizo:
Whitman umemkumbuka, Anthony Burgess, mwandishi wa riwaya, umemruka. Mwaka 1963 gazeti moja la Uingereza lilimpa ahakiki riwaya aliyokuwa ameitoa kwa jina la bandia, naye akaihakiki kweli. Walipogundua wakamfukuza.

BiNukta:
Kufahamiana kunavumilika, kama mhariri anajua. Kwako mhariri amefichwa, na pesa zimepita mkono. Mwambie yeye aamue. Anaweza kukupa kitabu kingine, na kwa mtu anayeanza hicho ndicho cha thamani.

Mwandamo:
Nikimwambia ataniondoa. Nafasi hii nimeingoja miaka miwili! Na nimeandika kwa haki, hata kasoro mbili nimezitaja.

Chunguchungu:
Umeandika? Si rasimu nne ulifuta? Na hizo kasoro zisije zikawa sura ya tatu na ya saba.

Mwandamo:
Nimeituma jana usiku. Nilitaka tu kujua kama aya ya kwanza imekaa sawa.

Kopekope:
Chai hii wakuu. Jana katuma, leo anauliza aya ya kwanza inaanzaje. Mimi nasema huyu ndiye mwandishi mwenyewe, anapasha soko moto.

Mlinzi_wa_Rafu:
Nilijua tangu mwanzo.

Chunguchungu:
Halafu nakala za awali mara nyingi hazina hata ukurasa wa shukrani. Ameuona wapi?

Mwandamo:
Alinitumia mwenyewe! Mbona mnanigeuza mshtakiwa? Ningekuwa nauza kitabu si ningekitaja jina?

Kopekope:
Haya, kinaitwaje?

Mwandamo:
Sisemi.

Mlinzi_wa_Rafu:
Sasa hapo ndipo watu watakitafuta. Kijana kaiva kwenye biashara.

BiNukta:
Iwe kweli iwe uongo, jibu langu ni lile lile. Jarida halijachapwa. Andika hivi: "Nilimrekebishia mwandishi sura mbili kwa malipo. Nilipaswa kukuambia kabla ya kupendekeza." Usiongeze utetezi, usimtaje Whitman. Ipeleke kabla hujalala.

Mwandamo:
Iwe barua pepe au nipige simu?

Mzee_wa_Pambizo:
Yoyote. Usimvizie kwenye lifti tu.