Tupeane uzoefu: kiwanja cha kwanza na nyumba ya kupangisha Dar, pesa huzama wapi?

Mleta mada
Wakuu, kuna mtu kauliza ana milioni 15, aanzie wapi kwenye nyumba za kupangisha. Akajibiwa "nunua kiwanja Chanika, tulia". Jibu la namna hiyo linaumiza watu. Wapimaji, mafundi, watu wa mikopo, wekeni vipimo na hesabu hapa.

Naanza na hili la hatua. Kiwanja kinatangazwa "20 kwa 20". Ishirini nini? Dalali akikanyaga mbele yako anahesabu hatua, na hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 20 ni mita 15. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, hatua 20 kwa 20 ni 225. Hapo umelipia kiwanja kizima, umepata nusu na kidogo. Nenda na tepu yako ya mita 50, na karatasi ya mauziano iandikwe neno "mita".

BikoniNne
Tepu sawa, ila haikwambii ardhi ni ya nani. Muuzaji akisema "kimepimwa", muulize kimepimwa au kina mchoro tu. Mchoro wa mipango miji ukipitishwa, viwanja vinaonekana kwenye karatasi lakini ardhini hakuna kitu. Kilichopimwa kina bikoni, yaani kigingi cha zege cha mpaka, kila kona, bikoni ina namba, na namba hizo ziko kwenye ramani ya upimaji. Fukua udongo kidogo, zisome moja moja. Moja isipolingana na ramani, usilipe.

Baada ya hapo chukua namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Ufanye wiki ileile ya kulipa, maana upekuzi wa miezi mitatu nyuma hauonyeshi mkopo uliochukuliwa jana.

Pwani_Kwetu
Hilo la mchoro ni kweli tupu. Goba na Kibamba kumejaa.

MjumbeMstaafu
Mnasahau mirathi, na huko ndiko watu wanalia hasa. Huwa hivi. Baba kafariki, shamba liko Mbezi au Kigamboni, mjane na kijana mkubwa wanauza vipande. Mnunuzi anaonyeshwa muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi kumi na mbili, muhuri wa serikali ya mtaa. Anaona watu wote wamekaa kwenye mkeka, anaridhika, anatoa fedha taslimu. Anajenga msingi, anapandisha kuta, anamwaga lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Siku mafundi wanapanga mbao za paa, anatokea mtoto wa mama mwingine kutoka Mwanza na zuio la mahakama mkononi. Kazi inasimama palepale. Mbao zinanyeshewa, saruji iliyobaki stoo inaganda kwenye mifuko, kesi inaenda miaka. Fedha ya muuzaji imeshagawanywa kwa watoto sita, na mwenye chochote cha kurudisha hayupo.

Kosa lilikuwa wapi? Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo inampa fomu namba 4. Ichukue ile namba ya shauri, nenda mahakama iliyoitoa ukaombe waangalie kwenye jalada. Halafu taka warithi wote kwa majina wakubali mauzo kwa maandishi, na wale wa mikoani. Muhuri wa mtaa unashuhudia mauziano, haumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Lipa benki, uwe na risiti yenye jina.

Dada wa Hesabu
Mjumbe, umesema yote. Niongeze mke na mume. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Muuzaji akisema "mke wangu yuko safarini", subiri arudi.

Lenta
Hata karatasi zikiwa safi, ardhi yenyewe inaweza isijengeke. Barabara kuu hifadhi yake, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda juu, nyumba zilivunjwa 2017 ndani ya mita 121.5. Kwenye mto na bahari usijenge ndani ya mita 60.

Pwani_Kwetu
Mkuu, Kimara usiifanye kama watu walijenga kijinga. Kuna waliokaa pale miongo.

Lenta
Sijasema ujinga. Nasema mnunuzi wa leo apime kwanza, ndiyo maana nimeweka namba.

Pwani_Kwetu
Sawa, ila lugha yako iwe na ubinadamu.

Dada wa Hesabu
Turudi kwenye mkopo, maana aliyeuliza ana milioni 15 na atashawishiwa akope 40. Milioni 40, riba 17% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, miaka 10: rejesho ni kama 695,000 kwa mwezi. Vyumba vinne vya masta (vyenye choo ndani) kwa 120,000 kila kimoja ni 480,000, vikiwa vimejaa vyote. Kila mwezi unaongeza 215,000 kutoka mshahara, kabla ya chumba kukaa wazi, kabla ya choo kuziba. Mpaka mwisho umelipa zaidi ya milioni 83.

Halafu uliza riba ya aina gani. Milioni 10 kwa mwaka mmoja, 3% kwa mwezi: ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 3,600,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, ni kama 2,055,000. Kwenye tangazo zote mbili zinaandikwa "3%". Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kunyonya, wanakula hapo hapo.

Akiba_Kwanza
Kwa hesabu hizo si bora hatifungani, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba? Ya serikali ya miaka 25 iliyotoka 2021 ilikuwa 15.95%, haina kodi, haina mpangaji. Nyumba ya milioni 60 ikiingiza 480,000 kwa mwezi ni 9.6% tu kwa mwaka.

MjumbeMstaafu
Hatifungani haipandi thamani kama kiwanja kilichopitiwa na lami.

Akiba_Kwanza
Na kisichopitiwa je? Lami haina ahadi.

Dada wa Hesabu
Wote mna hoja. Ila nyumba kwa mkopo wa 17% ili upate 9.6% hailipi, labda kiwanja unacho tayari na unamalizia tu.

Lenta
Kumalizia ndiyo nakubali. Anayejenga kwa awamu asiache ukuta bila lenta msimu wa mvua, maji yanaingia juu ya tofali na kulegeza viungo. Nondo zilizochomoza zipakwe saruji ya maji zisiliwe na kutu. Na tofali: mfuko wa kilo 50 utoe tofali za inchi 6 zisizozidi 30. Za kununua nyingi zinatolewa 40 na zaidi. Dondosha moja kutoka usawa wa kiuno, ikisambaa unga, rudisha gari zima. Zimwagiliwe asubuhi na jioni siku saba.

Milioni15
Mimi ndiye niliyeuliza kule. Kuna kiwanja Chanika milioni 9, mita 20 kwa 20, karatasi ya serikali ya mtaa tu, jirani mmoja ana hati. Hiyo hati ya jirani inanisaidia nini?

BikoniNne
Inasaidia sana. Muombe namba ya kiwanja chake na kitalu. Peleka ofisi ya ardhi uone ramani ya upimaji ya eneo hilo, utajua kipande unachouziwa ni kiwanja chenye namba yake, ni barabara, au ni eneo la shule. Nenda kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.