Mlango wa gereji unaozuia joto: nichague upi?

Swali: Hamjambo, ndugu zangu wa Lubumbashi? Gereji yangu imepakana na chumba cha watoto, na ifikapo mwezi wa kumi mlango wake wa bati hupigwa na jua la alasiri mpaka haugusiki kwa kiganja. Nataka mlango wenye povu katikati ya mabati mawili. Je, nichukue wa polistireni au wa poliyurethani?

Jibu: Yaya, kwa unene uleule poliyurethani huzuia joto zaidi, tena hushikamana na mabati yote mawili na kuufanya mlango uwe imara. Lakini kabla ya kulipa, jifungie humo mchana, uzime taa, kisha utazame mwanga unapenya wapi, kwa sababu pasipo mipira ya kuziba nyufa, povu hilo litakufaa kidogo tu.

Jibu: Mlango mpya ukiwa mzito kuliko wa zamani, ni lazima springi zibadilishwe. Fundi wangu aliziacha zilezile, na mlango ukawa unashuka wenyewe kwa kishindo. Ukiweka mota, hakikisha ina kamba ya kuiachanisha na mlango umeme unapokatika.

Muulizaji: Asanteni. Nimejifungia na kutazama: pale chini panapita vidole viwili.