Huduma ya usafiri wa wazee na walemavu ipo, ila inatangazwa kana kwamba hawataki mtu aijue!

Wakuu, leo nina hasira na sitapamba maneno.

Inawezekanaje kuwe na huduma ya usafiri kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu, yenye magari ya lifti, madereva waliofunzwa na bajeti yake kabisa, halafu mzee wangu aisikie kwa bahati tu kutoka kwa mgonjwa mwenzake kwenye benchi la fiziotherapia? Hakuambiwa na daktari, wala nesi, wala makondakta waliokuwa wakimwacha kituoni kila siku. Mgonjwa mwenzake! Muda wote huo sisi tunambeba mgongoni hadi kwenye teksi, na hela ya teksi ikikosekana kliniki haendi.

Nikawafuata wahusika. Jibu lao: "Mbona tumetangaza sana." Nikaomba nionyeshwe.

Tangazo la kwanza limebandikwa ndani ya mabasi ya kawaida. Rudieni kusoma hapo. Ndani ya basi lenye ngazi, lile lile ambalo mwenye kiti mwendo hawezi kulipanda, ndiyo maana hiyo huduma nyingine ikaanzishwa! Tangazo la pili liko kwenye tovuti, lakini maandishi yote yamo ndani ya picha, kwa hiyo asiyeona akitumia programu ya kusoma skrini haambulii kitu. La tatu ni kipeperushi chenye herufi kama mayai ya sisimizi, na unakifuata ofisini ghorofani. Namba ya kuweka nafasi ni ya kupiga tu, ujumbe mfupi hawapokei. Kiziwi atajijua mwenyewe.

Haya, tuseme umebahatika kulisoma. Linasema nini? "Huduma bora kwa walengwa." Walengwa ni akina nani? Bibi anayetembea kwa mkongojo, asiye na cheti chochote cha ulemavu na asiyejihesabu mlemavu, yumo au hayumo? Nauli kiasi gani? Anayemsindikiza analipa? Nikipiga leo nitasafiri kesho au wiki ijayo? Gari linafika mlangoni au mtu anaachwa barabara kuu ajikokote? Hakuna hata jibu moja. Nusu ya karatasi ni mheshimiwa akikata utepe. Nusu nyingine ni kijana mwenye afya tele, amekalishwa kwenye kiti mwendo cha kusukumia wagonjwa hospitalini, anacheka.

Na msiniambie hii ni hisani tunayopaswa kushukuru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, unadai usafiri ufikike na taarifa zenyewe zifikike. Ibara ya 20 inazungumzia mtu kwenda anakotaka kwa namna na wakati anaouchagua yeye, kwa gharama anayoimudu. Marekani, chini ya sheria yao ya walemavu ya 1990, shirika la umma lenye mabasi ya kawaida ya mjini linalazimika kuwa pia na usafiri maalumu wa kuagiza kwa asiyeweza kuyatumia. Nauli isizidi mara mbili ya ile ya basi, msaidizi wake halipi, na anayeomba leo asafiri kesho. Hairuhusiwi kumuuliza kama safari yake ina umuhimu. Ombi la kujiunga likikaliwa siku 21 bila jibu, anahudumiwa kama aliyekubaliwa mpaka waamue vingine. Sheria hiyo haikuja kwa huruma ya mtu. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1978, wenye viti mwendo kule Denver waliyazingira mabasi katikati ya barabara na kukesha hapo hapo.

Sasa niseme ninachokiamini, mtanisamehe. Huu si uzembe mtupu. Safari moja ya gari la aina hii inamgharimu mwendeshaji mara kadhaa ya gharama ya abiria mmoja wa basi, hata huko Marekani ndivyo ilivyo. Kila mzee mpya anayejiandikisha ni gharama mpya, kwa hiyo ukimya una faida kwao. Mwisho wa mwaka wanahesabu waliojitokeza, wanakuta wachache, wanaandika kwenye ripoti kwamba "mahitaji ni madogo", magari yanapunguzwa. Mahitaji madogo? Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Hao wote wamependa kukaa ndani?

Kutangaza kwenyewe wala hakuhitaji mabango. Mtu huanza kuhitaji gari hili siku anaporuhusiwa kutoka hospitali na mguu mmoja, au siku anapoambiwa macho yako hayafai tena kuendesha. Kwa hiyo anayetoa ruhusa ya kutoka wodini awe na namba hiyo mezani. Muuza dawa awe nayo. Fundi wa viungo bandia, anayepima macho, mashehe na wachungaji, na kondakta pia: badala ya kumfokea mama mwenye magongo kwamba anachelewesha gari, ampe namba. Redioni isomwe polepole, irudiwe. Breli muweke, lakini msijidanganye kwamba mmemaliza, maana wengi waliopofuka uzeeni hawakuwahi kujifunza kuisoma.

Wenye huduma ya namna hii huko mliko, naomba mniambie kitu kimoja: nani aliwaambia kwamba ipo?

NYONGEZA: Kuna mmoja hapo chini ananiambia "mnunulie mzee simu janja, mambo yote yapo mtandaoni." Mkuu, mzee haoni vizuri, vidole vinatetemeka, na hicho kilichopo mtandaoni ndicho nilichokieleza hapo juu. Soma uzi kwanza ndipo uchangie.