Naomba ushauri: rodi inanata, nikiongeza moto bomba linatoboka

Mafundi wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Najifunza kuchomelea kwa mashine ya inveta, rodi (vijiti vya kuchomelea) aina ya 6013 za milimita 2.5. Kwenye bamba la milimita 5 naridhika: nikiweka ampea 80 gamba linaloganda juu ya mshono linabanduka lenyewe na mshono unatoka na mawimbi yaliyopangana. Shida ni skwea paipu (mabomba ya pembe nne) za geti, zenye unene wa milimita 1.5. Nikishusha hadi 50, rodi inanata kila nikiigusisha. Nikipandisha 70 inawaka vizuri, halafu ghafla chuma kilichoyeyuka kinazama na tundu linabaki, hasa kwenye kona ambapo mabomba hayajabanana sawasawa.

Nimeshasaga kutu na rangi mpaka chuma kikang'aa, nikasogeza klampu ya athi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) karibu na kiungo. Kunata kumepungua, kutoboka bado.

Je, kwa unene huu nihamie rodi ya milimita 2.0, au nibaki na hii nichomelee kwa vidoti, nikiacha kila kidoti kififie wekundu kabla ya kingine? Na mshono wa kusimama kwenye bomba jembamba, mnaanzia juu kushuka au chini kupanda?

Natanguliza shukrani.