Tupeane uzoefu: nani alikushtukia umebadilika kabla hujamwambia umeokoka?

Mpangaji wa Tandika
Leo asubuhi pale Rangi Tatu konda karuka gari likiwa linaondoka, kamkimbilia bibi aliyeshuka bila kuchukua chenji yake. Mia nne. Abiria wakamzomea, anawachelewesha. Mimi nikakumbuka mbali.

Nilipookoka sikumwambia mtu pale nyumbani. Tuko wapangaji sita, mita ya umeme (LUKU) moja, tunachanga sawa kwa sawa. Kumbe mwenzenu usiku wa manane nachemsha maji kwa hita, taa nimezima, chini ya mlango nimeziba kwa kanga. Mwezi ule nikatoa mchango wangu na elfu tano juu, nikasema hii ni ya hita. Mama wa chumba cha mbele akaniangalia weee. "Kaka, unaumwa au umeokoka?"

Na ninyi semeni.

Mke wa Fundi
Kwangu ni mume. Pombe aliacha, lakini wangapi wanaacha Kwaresima na Pasaka wanairudia? Niliamini siku dada wa kazi alipounguza maharage. Zamani sahani ingeruka. Siku hiyo alikula, akamwambia, "Asante, mwanangu." Nikatoka uani nikalia.

Konda Mstaafu
Hiyo mia nne imenigusa, acha niseme. Nimepiga debe na kukaa mlangoni miaka sita, Mbagala–Kariakoo. Hesabu ya tajiri mwenye gari nilikuwa naila kila siku. Leo pancha, kesho trafiki kachukua, keshokutwa abiria hakuna. Mzee wa watu anapokea anachopewa.

Nikaokoka kwenye mkutano wa injili. Wiki tatu sikulala. Nikachukua daftari la mwanangu la hesabu, nikaandika ninachokumbuka. Ilifika milioni moja na laki nane, na najua nimepunguza. Nikaenda kwake Temeke baada ya magharibi, namkuta anatoka kuswali, kanzu bado mwilini. Nikapiga magoti, nikampa daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kinafuata mstari. Akaniambia, "Ile pancha ya siku ya msiba wa mama yangu nayo ilikuwa uongo?" Nikasema ndiyo, baba.

Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alisema, "Kesho usije kazini."

Nikauza maji stendi. Kila Ijumaa nampelekea elfu kumi, anapokea bila neno, mlango unafungwa. Mke wangu alikuwa ananiuliza huo wokovu unapikwa na nini. Mwaka na zaidi hivyo. Halafu binti yake akaolewa, mzee akaniita. Mkoba wa michango ya harusi akanikabidhi mimi, wajomba wamekaa pale. Bado ni Mwislamu, na deni bado nalipa.

Wa Kimara
Mwili umenisisimka. Amina.

Msomaji wa Neno
Ndugu zangu, Mathayo 6: mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Haya ni kujitangaza.

Mpangaji wa Tandika
Na Mathayo 5:16? Nuru iangaze mbele ya watu, wayaone matendo mema. Konda ametaja wizi wake, sifa iko wapi hapo?

Mke wa Fundi
Yote mawili Bwana aliyasema katika hotuba ile ile ya mlimani. Msigombane.

Msomaji wa Neno
Sigombani. Ila na kinywa kina kazi yake, Warumi 10. Watamwaminije wasiyemsikia?

Wa Kimara
Ushauri kwa aliyeokoka jana: rudisha kimyakimya, utafungwa.

Mke wa Fundi
Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alisema mbele ya watu kuwa atarudisha, tena mara nne ya alichochukua!

Wa Kimara
Mara nne ya miaka sita? Hapo wajukuu nao watalipa.

Mama Vitumbua
Mimi nina la upande wa pili. Mwenye nyumba wangu wa zamani anaongoza maombi kanisani. Alinitolea vitu nje kodi imechelewa siku kumi na moja, mtoto ana siku tisa, mvua ya masika. Godoro lililowa mpaka likawa zito hatukuweza kulibeba wawili. Jumapili yake akasimama kushuhudia. Mwaka wa tatu huu sijakanyaga kanisa lolote. Konda, ungekuwa wewe ndiye jirani yangu.

Msomaji wa Neno
Usimwangalie mwanadamu, mama.

Konda Mstaafu
Acha amwangalie, kaka. Mimi tajiri aliniangalia mimi, angemwangalia nani? Mama, pole. Uko wapi siku hizi? Nije na mke wangu tukusalimie. Hatutakuhubiria.

Mama Vitumbua
Buguruni. Shukeni Malapa, mniulizie kwa vitumbua. Mtoto sasa anakimbia.