Kaweka chupa yake ya maji juu ya kijiji chetu kwenye ramani, halafu anasema "hapa hakuna kitu"

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kalamu tatu mfukoni, anayeongea utadhani mto ni mbwa wake wa kufuga, akiuambia "kaa" unakaa. Kaja na ule mradi wa kuchepusha maji ya mafuriko ili mji wa pwani usizame. Sawa, usizame! Dada yangu anaishi huko huko. Kila mvua kubwa za bara zikigongana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, ananipigia simu usiku huku anapandisha magodoro juu ya kabati. Mto unashuka umefura, bahari nayo imejaa haipokei, maji yanageuka yanaingia vyumbani. Hayo siyasomi kwenye ripoti, nayasikia kwenye sauti ya dada yangu.

Kwa hiyo sikwenda kupinga. Nilikwenda na swali moja tu: maji mkiyatoa mtoni, mnayapeleka wapi?

Akatandika ramani mezani. Mstari mnene wa buluu unatoka kwenye kona ya mto, unakata uwanda, unatokea baharini upande wetu. Ramani ikawa inajikunja. Bwana akachukua chupa yake ya maji akaikandamiza juu yake. Aliiweka wapi? Juu ya kijiji chetu. Si pembeni, si karibu. JUU. Shule, visima, makaburi, vyote chini ya kitako cha chupa. Nikamwambia kwa adabu kabisa, mzee, hapo ulipoweka chupa ndipo tunapoishi. Akainyanyua, akachungulia kama anatafuta sindano, akasema: "Hapa hakuna kitu, ni uwanda tu." Akairudisha. PALE PALE.

Na ilikuwa chupa ya baridi, inatoka jasho. Imeacha duara la maji kwenye karatasi. Kijiji kimelowa kabla mfereji haujapigwa jembe la kwanza!

Babu yangu amelala pale. Hakuna kitu? Mama yangu kazaa watoto tisa pale, kila mmoja ana mdomo wa kusikika hadi ng'ambo ya pili ya mto. Hakuna kitu?

Na msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 1927 mto Mississippi, Marekani, ulipofura, wakubwa wa New Orleans waliona bora tuta lilipuliwe kwa baruti mbele ya mji, mto unakoshukia, sehemu inaitwa Caernarvon, ili maji yawaendee watu wa wilaya za St. Bernard na Plaquemines. Ilikuwa tarehe 29 Aprili. Watu kama 10,000 wakahamishwa kwa ahadi ya fidia, na wengi waliambulia kiduchu au patupu. Kinachouma zaidi, matuta ya juu ya mto yalikuwa yanapasuka yenyewe siku hizo hizo, kwa hiyo mji ungepona hata bila baruti. Nawaambia, hata siku ile kuna mtu alitangulia kuweka chupa juu ya ramani!

Nikauliza: tuta la upande wetu liko wapi? Kizingiti kitafunguliwa maji yakifika kimo gani, na atakayefungua ni nani? Tutapewa saa ngapi za kuhama? Mnajua alifanya nini? Alikunywa maji. Kutoka chupa ile ile. Kisha akairudisha juu yetu.

Sijalala na sitalala.

#2
Pole mkuu. Nimesoma mpaka mwisho natafuta hoja, nimeambulia chupa.

#3
Mimi ni wa huo mji. Nyie wa bondeni mna maneno sana. Umewahi kuamka usiku ukashusha mguu kitandani ukakuta maji ya magoti na kiatu chako kinaelea kuelekea mlangoni kama kinakwenda kazini? Mfereji uchimbwe hata kesho.

#4 (mwanzisha uzi)
Ndugu yangu #3, kiatu chako kikielea unakiokota. Kisima changu kikijaa tope nakiokotaje? Na sijasema usichimbwe. Nimesema ile chupa aiondoe.

#5
Mleta uzi ana hoja, anashindwa tu kuieleza kwa hasira. Someni Valencia, Hispania. Mto Turia ulifurika Oktoba 1957 ukaua watu wasiopungua 81. Wakauhamisha mto mzima kusini ya mji, mfereji mpya unaobeba mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, na mkondo wa zamani ukageuzwa bustani. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua ikaja, katikati ya mji wakabaki wakavu. Ng'ambo ya mfereji, miji midogo kama Paiporta huko, wakazikwa na tope. Jimbo lile lilipoteza zaidi ya watu 220.

#6
#5 usichanganye madawa. Paiporta ilipigwa na korongo la Poyo, wala si Turia. Mfereji haukuwapelekea yale maji. Ubaya ni kwamba ng'ambo ile watu walizidi kujenga miaka yote hiyo na korongo lao likabaki bila kinga ya maana. Mji ukishapona, wenye mji husahau kuwa kuna ng'ambo.

#7
Nyote mnaongelea nyumba, baharini hamna habari nako. Mimi mvuvi. Kule Louisiana wana lango la Bonnet Carré tangu 1931, nafasi 350 za kupitisha maji, likifunguliwa Mississippi inamwagika ziwa Pontchartrain ili New Orleans ipone. 2019 lilifunguliwa mara mbili mwaka mmoja, haijawahi kutokea kabla. Maji ya mto yasiyo na chumvi yakaenda mpaka kwenye chaza wa jimbo jirani, wakafa kwa wingi. Chaza hana miguu ya kuhama. Nani ataitwa kikaoni kumsemea?

#8
Mvuvi umenikumbusha, ninyi na nyavu zenu za macho madogo mmemaliza samaki, leo mnalilia chaza?

#9
Mimi nasema mfereji wa nini wakati mitaro iliyopo imejaa mifuko ya plastiki? Jirani yangu, na yumo humu anasoma, anafagia uwanja wake na kusukumia taka zote kwenye mtaro wa mbele yangu. Mvua ikija maji yanamruka yeye yanaingia kwangu. Huo ndio mchepuko wa kweli.

#10
#9 sema ukweli wote. Huo mtaro uliupunguza mwenyewe ulipojenga ukuta.

#9
Ukuta uko ndani ya mpaka wangu!!

#11
Turudi juu kidogo. Mleta uzi kaandika bamvua kana kwamba inakuja na mvua. Bamvua ni mwezi mpevu.

#12
Na mwezi mwandamo pia. Mara mbili kwa mwezi. Watu wa bara mkae pembeni kwenye mambo ya maji.

#11
Nimezaliwa hatua ishirini kutoka ufukweni mimi!

#12
Kwa hiyo na kaa ni profesa?

#4 (mwanzisha uzi)
Jamani. Mvua zikikutana na bamvua, ndivyo nilivyoandika, rudini msome. Nimepita tena pale kikaoni, ramani bado iko mezani. Duara limekauka, limebaki alama ya kahawia kuzunguka kijiji kizima. Hakuna aliyeifuta.

#9
Nauliza tena mbele ya wote: pampu yangu ya kuvuta maji niliyoazimisha mafuriko yaliyopita iko kwa nani?

#10
Iko kwangu, na mpira wake uliniletea umetoboka.