"GHALA GANI?" Meneja mpya wa jamii kanivunja moyo leo, wakuu

Mkuki_wa_Usiku (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi zikipishana. Hata nusu saa haijapita.

Mnamjua ninayemsema. Gemu sitaji, kampuni sitaji, kila aliyewahi kuweka kitu kwenye ghala la klani, lile stoo la ndani ya gemu ambamo kundi zima la wachezaji linahifadhi vitu vyake, anajua ni akina nani.

Wametuletea meneja wa jamii mpya, yule mfanyakazi wa kampuni anayetusikiliza na kutujibu sisi wachezaji. Tena. Huyu ni wa tano tangu ghala lianze kumeza vitu. WA TANO! Nimebadilisha miswaki mara chache kuliko hawa wanavyobadilisha mameneja. Wa kwanza alikuwa mtu, tuseme haki. Wa pili alikaa wiki sita. Wa tatu nilimwona anajitambulisha, kisha nikamwona anaaga, katikati hapakuwa na kitu.

Wa nne ndiye yule dada. Wenye klani mnamkumbuka. Alikaa na sisi usiku kucha, anauliza mmoja mmoja: uliweka nini, saa ngapi, seva ipi, nani mwingine alikuwa amefungua ghala? Akajaza kila kitu kwenye jedwali. Yeye ndiye aliyegundua kwamba vitu vinapotea watu wawili wakifungua ghala sekunde ileile seva inapobadilisha siku. Miaka miwili ya kelele, akaja mtu mmoja mwenye kusikiliza akapata jibu. Alhamisi akatuambia mafundi wameshaona chanzo. Jumatatu jina lake limegeuka kijivu. Hakuna kwaheri, hakuna tangazo. Na jedwali limekwenda naye, maana lilikuwa kwenye akaunti yake ya kazi, na akaunti imefungwa.

Haya. Leo mpya kafungua kikao, "Niulizeni chochote." Mimi nikaandika kwa adabu zangu zote: "Karibu sana, pole na ugeni. Tunaomba kujua suala la ghala limefikia wapi."

Chini pakatokea "anaandika". Pakapotea. Pakarudi. Pakapotea tena. Watu zaidi ya mia mbili tumo mle ndani, kimya, kama watu walioshikilia pumzi chini ya maji. Nikasema moyoni, huyu anapekua kumbukumbu, anatafuta jibu zuri. Kisha likaja:

"Ghala gani? 😊"

Na kile kicheko! Ghala gani! Ghala lenye uzi wa kurasa 412! Ghala ambalo hata mtoto aliyejiunga jana anaambiwa kabla ya kufundishwa kurusha mshale: usiweke kitu humo. Ukienda milima ya mwisho ya ramani, ukamkuta zimwi amelala pangoni, ataamka yeye akuulize ghala limetengenezwa au bado. Mtu pekee duniani asiyelijua ni yule anayelipwa kulijua.

Humo imepotelea ngao yetu. Watu kumi na wawili, miezi minane. Mwenzetu mmoja alikuwa anaamka alfajiri kabla ya kazi kwenda kukusanya vipande. Siku ilipopotea hakutukana, hakulalamika. Alifungua ghala, akalifunga, akalifungua tena, akatoka kwenye klani. Hajarudi mpaka leo. Sasa niende nikamwambie nini? Kwamba wameuliza ghala gani?

Na haikuishia hapo. Nilipojibu kwa kuweka kiungo cha uzi wetu, akaufunga ule uzi! Akaubandika alama ya "Limetatuliwa", akaandika "ni wa zamani, tafadhali fungueni tiketi mpya". Kila wakimwondoa mmoja wanafuta na sisi, tunaanza kujieleza upya kama wageni kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Ghala gani. Sitalala leo.

---

Kobe_Asiyechoka

Siti ya mbele. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nilikuwemo. Kile kicheko ndicho kilichoniua.

MshaleMrefu

Mkuu hata mimi nilikuwemo. Umesahau kusema kwamba baada ya hapo mtu akamuuliza kuhusu wapiga mishale kupunguzwa nguvu, naye akajibu "nitafikisha". Nitafikisha! Wote watano wametuambia nitafikisha. Huko wanakofikisha kutakuwa kumejaa mpaka paa.

Binti_Radi

Mimi nilipoteza kofia 3 na farasi. FARASI. Farasi anapoteaje ghalani? Amekula nini humo muda wote huu?

JiweLaMoto

Mleta mada povu limekutoka mpaka kwenye kioo changu. Miaka miwili unalilia ngao isiyoshikika kwa mkono? Dada wa watu kauliza swali ili aelewe, wewe ulitaka azaliwe anajua?

Mkuki_wa_Usiku

@JiweLaMoto wewe uliyeacha gemu wiki moja kwa sababu walibadilisha rangi ya joho lako leo unanifundisha uvumilivu? Sikukasirika kwa kuwa hajui. Nimekasirika kwa kuwa wamemtuma bila kumwambia, halafu kafunga uzi. Kurasa 412, ndugu yangu. Na sijasema ni dada, wa nne ndiye dada. Soma kwanza.

JiweLaMoto

Lile joho lilikuwa jekundu wakaligeuza la kahawia. Hilo lilikuwa jambo zito, usilifananishe.

Nyumba_ya_Pili

Niseme kitu, maana kazi hiyo nimeifanya, kampuni nyingine, gemu lingine.

Unaingia kwa mkataba wa miezi sita, mara nyingi hata si mkataba wa kampuni yenyewe, ni wa wakala. Siku ya kwanza unapewa neno la siri, orodha ya maneno ya kukwepa, na ratiba ya matangazo. Mtu uliyempokea kiti umekuta ameshaondoka, hakuna wa kukukabidhi. Mfumo ambao mafundi wanaandikia hitilafu mimi sikuwa na ruhusa ya kuuona! Nilikuwa naomba taarifa kwa ujumbe, najibiwa baada ya siku nne, na wakati huo wachezaji wameshanichimbia kaburi. Ukianza kuyajua majina ya watu, unajua huyu ana hasira ya kweli na huyu anapenda kelele tu, mkataba umeisha.

Na mambo yakiwa magumu wa kwanza kuondolewa ni wewe, kwa sababu wakubwa wanahesabu nani anaandika programu na nani anachora, wewe uliyezuia watu wasiondoke huonekani kwenye hesabu. Hata yakiwa mazuri! Februari 2019 Activision Blizzard, kampuni kubwa ya magemu, ilitangaza kupunguza karibu asilimia 8 ya wafanyakazi, watu kama 800, siku ileile inajisifu kwa mapato ya mwaka ambayo haikuwahi kuyapata. Watu wa jamii walikuwemo. Bungie, nao watengeneza magemu, Oktoba 2023, karibu watu 100, timu ya jamii nayo ikakatwa.

Huyo wenu aliyeandika na kufuta, akaandika na kufuta, mimi namwona kabisa. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumuuliza akakosa.

Mkuki_wa_Usiku

Mkuu @Nyumba_ya_Pili nimekuelewa na nimekuheshimu. Lakini basi angesema "sijui, nipe siku mbili". Hayo maneno hayahitaji ruhusa ya mfumo. Alichagua "Ghala gani?" na kicheko juu yake.

Kobe_Asiyechoka

Kicheko jamani 😭

SautiYaChini

Nyinyi mnashangaa wanaondoka, someni mnavyowaandikia. Bungie ilibidi iende mahakamani kumlinda mfanyakazi wake wa jamii, mchezaji mmoja alimwandama kwa ujumbe wa simu wa kibaguzi mpaka nyumbani kwake. Mwaka 2023 mahakama ikaamuru alipe dola zaidi ya 480,000. Na wa zamani mnakumbuka Julai 2010, Blizzard walipotaka kila mtu atumie jina lake halisi kwenye jukwaa lao? Mfanyakazi wao wa jamii akaweka lake kuonyesha hakuna ubaya, muda si muda wachezaji wakaanika namba ya simu na anwani. Siku tatu tu mpango wakaufuta. Nani atakaa miaka mitano kwenye kiti hicho?

Binti_Radi

Hilo kweli. Ila mimi sijamtukana mtu, nataka farasi wangu.

Shoka_Butu

Afadhali nyinyi mnaulizwa ghala gani na binadamu. Gemu letu hatuna meneja tangu apdeti ya mwaka jana. Kuna roboti. Ukiandika "nimepoteza akaunti" inakujibu "Hongera! Hii hapa ratiba ya mashindano." Nimeiandikia mara kumi na moja. Nina hongera kumi na moja.

MshaleMrefu

Kampuni zote ni zilezile. Mnakumbuka 2017, kampuni ya EA na gemu lao la Star Wars Battlefront II? Watu walilalamika kumfungua Darth Vader, yaani kucheza mpaka uruhusiwe kumtumia mhusika huyo, kunachukua saa nyingi mno, timu yao ya jamii ikajibu Reddit eti lengo ni mchezaji apate fahari ya kufanikiwa. Lile jibu lilipigwa kura za chini zaidi ya 660,000, likaingia kwenye rekodi za Guinness. Na ninyi mkapige chini hiyo "Ghala gani".

JiweLaMoto

Tatizo la lile gemu halikuwa jibu, yalikuwa masanduku ya bahati. Unalipa hujui unapata nini.

MshaleMrefu

Na hapa kwetu ni tofauti gani? Nimefungua masanduku arobaini, nimepata glavu za kushoto tu. Mkono wangu wa kulia wanauonea wivu gani?

Shoka_Butu

Masanduku tuyaache, upangaji wa mechi je? Jana nimewekwa na watoto watatu wa levo ya 4 dhidi ya watu ambao nadhani wamezaliwa na kidhibiti mkononi. Dakika mbili mechi imekwisha.

MshaleMrefu

Kwa sababu wapiga mishale wamepunguzwa nguvu! Nimesema tangu mwanzo hamkunisikia.

JiweLaMoto

Mpiga mishale aliyekuwa anaua watu akiwa nje ya ramani ndiye unayemlilia? Walichelewa kuwapunguza.

Mkuki_wa_Usiku

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Nani ana nakala ya lile jedwali la yule dada? Hata picha ya skrini, hata kipande. Nataka nilipeleke upya kabla hawajamwondoa na huyu.

MshaleMrefu

@JiweLaMoto nje ya ramani ilikuwa hitilafu ya mlima, si mshale. Weka ushahidi au kaa kimya.

JiweLaMoto

Ninao. Video mbili. Subiri nifike nyumbani.

Nyumba_ya_Pili

@Mkuki_wa_Usiku nina picha za kurasa tatu za kwanza, nilizihifadhi kwa kuwa alikuwa ameipanga kazi vizuri. Ngao yenu imo, mstari wa 58. Nakutumia faraghani.

Shoka_Butu

Video zije tuone. Na nani ana nafasi kwenye kikosi leo usiku? Mimi natibu, sina kundi.

Binti_Radi

Njoo kwetu, tumepungukiwa mmoja. Ila leta dawa zako mfukoni, ghala hatufungui.